Kusoma kwa Raha: Nafasi ya Kitabu cha Hadithi katika Darasa la Kiswahili la Shule ya Msingi

Utangulizi

Watoto wengi wa Afrika Mashariki hukutana na hadithi mara mbili. Mara ya kwanza huisikia nyumbani: mtambaji husema "Paukwa!" nao huitikia "Pakawa!" Mara ya pili huikuta shuleni, imechapishwa na kuandamwa na maswali. Makala haya yanajadili kinachopotea kati ya hatua hizo mbili. Hoja kuu ni kwamba raha ya kusoma si burudani ya baada ya somo. Ni sehemu ya somo lenyewe, na mwalimu anayeiondoa huziba njia mojawapo ambayo lugha humfikia mtoto.

Kivuli cha Mtihani

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikifanya Kiswahili somo la lazima la kutahiniwa katika shule za msingi nchini Kenya. Hatua hiyo ilikipa Kiswahili hadhi, lakini haikukosa gharama. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, hadithi ilijitokeza kama kifungu cha ufahamu chenye maswali ya kuchagua. Katika madarasa mengi kitabu cha hadithi kiligeuzwa ghala la misemo. Mwanafunzi alichota humo methali na tashbihi, akazinakili daftarini na kuzipachika katika insha. Ndipo zikazaliwa insha zinazoanza kwa mapambazuko yale yale na jogoo yule yule, hata mkasa wenyewe ukiwa wa usiku wa manane. Mwandishi wake alikuwa na msamiati, ila hakuwa na kisa.

Chemchemi za Raha

Chukua kisa cha bibi anayepotewa na vitu vyake. Anabisha kwa jirani wa kwanza na kuuliza, "Umekiona kisu changu?" Kwa wa pili, "Umeliona jembe langu?" Kwa wa tatu, "Umeuona ufunguo wangu?" Kufikia mlango wa nne darasa zima linauliza pamoja naye. Watoto hao wanafurahia takriri, na papo hapo wanazoea upatanisho wa kisarufi katika ngeli tatu bila jedwali lolote ubaoni. Jedwali litakuja baadaye na kukuta masikio yaliyokwisha kuzoea.

Chemchemi ya pili ni tanakali za sauti. Jembe likianguka kisimani chubwi, mtoto wa darasa la pili hahitaji maelezo ya neno hilo. Sauti imebeba maana.

Ya tatu ni picha. Tuseme mchoraji ameuonyesha ufunguo umefungwa kwenye ncha ya leso ya bibi huyo, ilhali maandishi hayasemi neno. Watoto watapiga kelele kumwambia ulipo. Kujua asichokijua mhusika ndiko kinaya, dhana ambayo wengi huja kuikariri katika shule ya upili. Hapa mtoto ameionja kabla ya kuijua kwa jina.

Vitabu Kumfikia Mtoto

Raha hiyo haipatikani bila vitabu, na juhudi za kuvifikisha zimekuwapo. Mwaka 1991 Tanzania ilianzisha Mradi wa Vitabu vya Watoto ili kuchochea uandishi na uchapishaji wa vitabu vya Kiswahili vya watoto. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia katika maeneo ya Garissa yenye jamii za wafugaji. Mwaka 2015 mpango wa Tusome ulilenga kumpa kila mwanafunzi wa madarasa ya kwanza katika shule za umma kitabu chake cha kusomea. Waandishi nao hawakulala: Ndoto ya Amerika, kazi ya Ken Walibora, aliyeaga dunia mwaka 2020, ilitunukiwa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kwa awamu baada ya mwaka 2017, umeitaja kusoma kwa mapana kuwa stadi ya kukuzwa. Huo ni mwanya mzuri. Hata hivyo, mwanya huo utazibika iwapo kila kitabu anachojichagulia mtoto kitadaiwa muhtasari na alama.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Mwanafunzi anayekwenda katika mazoezi ya kufundisha anaweza kuanza na dakika 10 tu kwa siku. Asome kwa sauti, abadilishe sauti za wahusika, akomee pale kisa kinapopamba moto, wala asiulize swali hata moja. Awaache watoto wachague, na amruhusu aliyechoshwa na kitabu akirudishe. Idara za Kiswahili nazo zinaweza kuipa fasihi ya watoto uhakiki wa dhati unaopewa riwaya na ushairi, kwani kitabu dhaifu hakitambuliki pasipo mhakiki.

Hitimisho

Samaki mkunje angali mbichi. Kwa kawaida methali hii husemwa kuhusu adhabu na maadili, lakini inafaa pia kuhusu mapenzi ya vitabu. Msomaji wa riwaya atakayeketi katika kumbi za mihadhara kesho yuko darasa la pili leo, akingoja kusikia kama bibi ataupata ufunguo wake.