SOMO: Mtoto Amekosa Nafasi ya Udaktari. Ajaribu Tena Vipi, na Wapi?



Kila mwaka, majuma machache baada ya matokeo ya kidato cha sita kutangazwa hapa Uganda, wazazi huja katika ofisi ya tawi letu wakiwa na karatasi mkononi. Mmoja ni mkata miwa, mwingine ni mama anayepakia chai kiwandani, mwingine ni fundi wa zamu ya usiku. Wote wana neno moja: mtoto aliomba kusomea udaktari akakosa, sasa wafanye nini? Baadhi yao wameshauza ng'ombe kabla ya kuja kuuliza. Kwa sababu hiyo kamati ya elimu imeniomba niandike somo hili, nami naliandika kama mzazi aliyepitia mambo hayo, si kama mwalimu wa chuo.

Mwaka binti yangu alipokosa, kosa langu la kwanza lilikuwa hasira. Nilisema tumenyimwa kwa kuwa sisi ni watu wa kiwandani. Nikamtafuta mtu aliyedai kuwafahamu wakubwa, naye akataka mshahara wangu wa miezi miwili ili "aisukume faili". Nashukuru kwamba mama watoto alizificha zile pesa. Nililopaswa kufanya siku ile ile ni kukaa na binti mezani tukazihesabu pointi zake.

Basi tuzihesabu. Katika mtihani wa kidato cha sita, gredi ya A ni pointi 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3 na E ni 2. Lakini vyuo vikuu vya umma havizijumlishi hivi hivi. Kwa miaka mingi hesabu yao imekuwa ya kuyapa masomo uzito kulingana na kozi. Kwa udaktari, biolojia na kemia huzidishwa mara 3 kila moja. Somo la tatu, yaani fizikia au hisabati, huzidishwa mara 2. Masomo madogo, kama maarifa ya jumla, huongeza pointi 1 kila moja. Matokeo ya kidato cha nne huongeza kidogo, na tangu mwaka 1990 Makerere imekuwa ikiwaongezea wasichana pointi 1.5.

Binti yangu alipata B ya biolojia, ambayo ni 15. Alipata B ya hisabati, ambayo ni 10. Kemia alipata D, yaani 9. Masomo madogo mawili yakampa 2. Jumla ni 36, kabla ya zile za kidato cha nne na za usichana. Wanaochukua nafasi za serikali za udaktari pale Makerere huwa na A karibu katika kila somo. Kwa hiyo hakunyimwa na mtu. Alishindwa kwa hesabu, na hesabu hiyo tungaliweza kuifanya wenyewe kabla ya kutafuta mchawi.

Sasa tazama jambo lililo muhimu kuliko yote kwa anayetaka kurudia. Kama angepandisha hisabati kutoka B hadi A, angeongeza pointi 2 tu. Kama angepandisha kemia kutoka D hadi B, angeongeza 6. Saa ile ile ya kusoma, mafuta yale yale ya taa, lakini faida mara tatu. Hata hivyo wanafunzi wengi wanaorudia husoma zaidi somo wanalolipenda, kwa kuwa ndilo lisilowaumiza. Binti yangu alikuwa akikesha na hisabati.

Lazima pia kuuliza kwa nini somo lilianguka. Mwalimu mkuu aweza kukueleza, ukimwendea kwa heshima na bila kelele. Sisi tuligundua kwamba nadharia ya kemia aliielewa. Kilichomwangusha ni mtihani wa maabara. Katika shule yake wanafunzi walifanya majaribio mara chache sana, mengine waliyatazama tu mwalimu akiyafanya. Kumrudisha shule ile ile kungekuwa kulipa karo mara mbili kwa ugonjwa ule ule. Tukampeleka kwa shangazi yake mjini, akasoma shule ya kutwa yenye maabara inayofanya kazi. Mwenzetu mmoja wa shamba la chai alimrudisha kijana wake darasa lile lile, kwa mwalimu yule yule, naye akatoka na gredi zile zile.

Ndugu, fahamu vilevile kwamba huwezi kuokota biolojia ya mwaka jana ukaiunga na kemia ya mwaka huu. Vyuo hudai pasi kuu zipatikane katika kikao kimoja cha mtihani. Anayerudia hurudia yote, na aweza kushuka pale alipokuwa juu. Kwa upande mwingine, nafasi za serikali hugawiwa kwa wale waliofanya mtihani wa mwaka uliotangulia tu. Mwenye matokeo ya zamani huomba kwa kujilipia. Kwa hiyo anayerudia hununua tena tiketi ya kushindania nafasi ya serikali, na asiyerudia ameiacha. Hilo ndilo la kupima nyumbani, si aibu ya kurudi darasani na wadogo zake.

Tuje kwenye kuchagua chuo. Watu wetu wengi wanajua Makerere tu, ambako shule ya udaktari ilianza mwaka 1924 na wanafunzi hujifunzia Mulago. Ni shule ya heshima, na kwa sababu hiyo hiyo ndiyo yenye msongamano mkubwa. Lakini udaktari wafundishwa pia Mbarara, chuo kilichoanzishwa mwaka 1989. Wafundishwa Gulu, wafundishwa Mbale katika Chuo Kikuu cha Busitema, na Kabale. Vipo na vyuo visivyo vya serikali, kama kile cha Ishaka kule Bushenyi. Pointi zinazokubaliwa hazilingani, na za vyuo vya mikoani mara nyingi huwa chini ya zile za Makerere. Mtoto anayejaza fomu kwa Makerere peke yake, na pointi zake ni za katikati, amejifungia mlango kwa mkono wake. Shahada ni ya miaka 5 kila mahali, kisha mwaka 1 wa mafunzo ya kazi hospitalini. Nao wanaofanya mafunzo hayo ni wafanyakazi kama sisi. Mwaka 2021 waligoma wakidai posho yao.

Iko pia njia ya wilaya. Sehemu ya nafasi za serikali hutengwa kwa ajili ya wilaya, ili mtoto wa mbali ashindane na wa kwao, si na wale wa shule kubwa za Kampala. Jina la wilaya lijazwe kwa ukweli na kwa uangalifu.

Kwa chuo cha kujilipia, tafadhali usiulize ada ya muhula mmoja ukarudi nyumbani unacheka. Izidishe mara 10, kwa kuwa miaka 5 ni mihula 10. Ongeza chumba, chakula, vitabu na koti jeupe. Upo mpango wa serikali wa mikopo ya wanafunzi uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, nao huwafikiria wa masomo ya sayansi. Lakini huombwa na aliyekwisha pata nafasi chuoni, na chakula na malazi hubaki juu ya mzazi. Nimeona kijana akiacha masomo mwaka wa tatu kwa sababu baba alihesabu mwaka wa kwanza tu. Huzuni hiyo ni kubwa kuliko ya kukosa nafasi.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, uliza kama chuo hicho kinatambuliwa na baraza linalowasajili madaktari. Uliza pia hospitali wanayojifunzia ni ipi, na kama vitanda vyake vina wagonjwa. Daktari hafundishwi ubaoni tu. Na mawakala wanaouza nafasi za ng'ambo waulizwe maswali hayo hayo. Wanafunzi wengi wa Kiafrika waliokuwa wakisomea udaktari Ukraine walikatizwa masomo na vita mwaka 2022. Anayefikiria Tanzania ajue kwamba huko hutakiwa fizikia, kemia na biolojia zote tatu. Binti yangu mwenye hisabati badala ya fizikia asingepokelewa.

Imebaki njia ambayo wazazi wengi huidharau. Stashahada ya afisa wa kliniki, yule anayetutibu katika zahanati ya shamba, ni ya miaka 3, nayo hufundishwa katika vyuo kama vile vya Mbale, Gulu na Fort Portal. Aliyefaulu vizuri aweza baadaye kuomba udaktari kwa stashahada hiyo. Nafasi za namna hiyo ni chache, sitaki kumdanganya mtu. Lakini katika miaka hiyo mtoto anajifunza ugonjwa, na akimaliza ana kazi ya kuombea mshahara, hata kama mlango wa pili hautafunguka.

Aliporudia mtihani, binti yangu alipata B tatu, yaani 42 badala ya 36. Za serikali hazikutosha. Chuo kimoja cha kujilipia kilimkubali. Tulizidisha ada mara 10 juu ya karatasi ya unga, tukatazama wadogo zake watatu, naye mwenyewe ndiye aliyesema, "Baba, nitaanza na kliniki." Mimi nilinyamaza, maana nilitaka kuitwa baba wa daktari. Leo anafanya kazi katika kituo cha afya, na mwaka huu amepeleka tena fomu ya udaktari, safari hii kwa stashahada yake, katika vyuo vitatu badala ya kimoja. Tunangoja jibu.

Wenye watoto waliokosa mwaka huu walete ofisini karatasi ya matokeo ya kidato cha nne na cha sita pamoja. Silabasi mpya iliyoanza kidato cha kwanza mwaka 2020 imebadilisha namna ya kutoa alama za kidato cha nne, kwa hiyo tutasoma matangazo ya mwaka huu ya vyuo vyenyewe, si hesabu za zamani za kukariri. Mje na mtoto mwenyewe. Mtu wa kusukuma faili abaki nje.