Dereva Asikuzimie Simu: Kuhama Dar Mwisho wa Mwezi

Mwisho wa mwezi ukiangukia Desemba, nusu ya Dar inahama. Kodi zimeisha, mishahara imeingia, shule zinafunguliwa Januari na kila mzazi anataka watoto wawe wameshazoea mtaa mpya. Kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, zilizoshinda kijiweni wiki nzima zikisubiri mteja, ghafla hazishikiki. Ukiipata, bei imepanda, na dereva anaongea nawe kama anakufanyia hisani.

Magari yapo, ila siku ya dereva imejaa. Msimu huo anapokea kazi tatu au nne kwa siku moja, na kila mteja kaambiwa "saa mbili nitakuwa hapo." Mmoja wao lazima aachwe kwenye mataa. Haya ya chini ni ya kuhakikisha huyo mmoja si wewe.

Anza na tarehe. Kodi ikiisha tarehe 31, usihame tarehe 31. Mwombe mwenye nyumba mpya akupe ufunguo siku nne au tano mapema. Nyumba ikiwa tupu na umeshamlipa miezi yake sita, wengi hawakatai. Akikataa, rudi kwa mwenye nyumba wa sasa umwombe siku tatu za ziada, na umlipie. Piga hesabu: gawa kodi ya mwezi kwa 30, zidisha kwa tatu, kisha linganisha na kiasi ambacho dereva ameongeza kwa sababu ya msimu. Mara nyingi utaona afadhali ulipe hizo siku.

Kwenye siku za wiki, kimbia Jumamosi. Jumanne na Jumatano madereva wana nafasi na wanapokea simu kwa adabu. Omba ruhusa kazini ya siku moja. Utaihitaji hata hivyo, maana anayehama Jumamosi Jumapili yake inaishia kwenye kutafuta sufuria.

Saa nayo ina uzito. Chukua saa kumi na mbili asubuhi, si zaidi ya saa moja. Ukiwa kazi ya kwanza, hakuna mteja aliyetangulia wa kukucheleweshea gari. Kazi ya mchana inabeba madeni ya kazi zote za asubuhi: foleni ya Mandela, pancha, mteja ambaye hakuwa amefunga vitu. Ukiambiwa "kuanzia saa sita hivi", jua utapakia jua likizama.

Usitafute gari siku unayohama. Wiki mbili kabla, tembea. Kijiwe cha Kirikuu ni pa kuanzia, lakini kina madalali, na dalali anaongeza chake juu. Muulize moja kwa moja: "Kaka, gari ni lako au unanitafutia?" Kama anakutafutia, mwombe namba ya dereva mwenyewe kabla hujakubaliana chochote.

Sehemu mbili wengi hawazifikirii. Ya kwanza ni duka la vifaa vya ujenzi la mtaani kwako. Wale madereva wanaobeba saruji na mbao wana kazi nyingi wakati mafundi wako saiti. Siku za sikukuu mafundi wamesafiri na gari limepaki. Ya pili ni kwa mafundi samani, Keko au popote penye mafundi wengi. Dereva anayepeleka makabati kwa wateja kila siku anajua kulifunga kabati bila kulichuna. Huyo hata akizidi bei kidogo, mchukue.

Sasa ukubwa. Kirikuu, yaani Suzuki Carry na ndugu zake, imetengenezwa Japani kubeba kilo 350, na sehemu ya mzigo ina upana wa karibu mita 1.4. Godoro la sita kwa sita lina mita 1.8 na ushee kila upande. Halilali humo, utalisimamisha au litaning'inia nje. Chumba kimoja chenye kitanda, friji ndogo, jiko na nguo, Kirikuu inatosha. Chumba na sebule yenye seti ya makochi, tayari ni trip mbili. Vyumba viwili au vitatu, chukua Canter na umalize kwa mara moja.

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Dereva anaangalia vitu mlangoni, anasema "hii trip moja tu, dada, usiwe na wasiwasi." Vikipakiwa, kabati na friji vinabaki uani. Trip ya pili ina bei yake, na huna pa kwenda. Kwa hiyo usikubaliane bei ya trip. Kubaliana bei ya kazi nzima: vitu vyote kutoka nyumba hii hadi ile, hata akienda mara tatu.

Ili hilo liwezekane, lazima ajue mzigo ulivyo. Piga video ya simu, dakika mbili, chumba kwa chumba. Fungua kabati, onyesha stoo, onyesha jenereta iliyoko nyuma na mitungi ya maua ya mama. Mtumie WhatsApp. Akija siku hiyo akasema mzigo umezidi, video ipo.

Piga na video ya njia pia. Kama nyumba iko ndani ya uchochoro wa Manzese au Tandale, gari litaishia barabarani na vitu vitabebwa mikononi au kwa guta. Kama ni ghorofa ya tatu isiyo na lifti, wapakiaji watataka hela ya ngazi. Kama unahamia Goba au Kinyerezi ndanindani, na mvua za vuli bado hazijaisha, muulize dereva kama gari lake linapanda kilima cha huko kikiwa na tope. Nenda mwenyewe ukakione baada ya mvua. Fuso iliyokwama saa tatu usiku na kitanda chako juu yake ni gharama ambayo hamkuipanga.

Mkishaelewana kwa mdomo, andika. Si lazima mkataba wenye muhuri; ujumbe wa simu unatosha, alimradi una kila kitu. Kama huu:

"Kaka, tumekubaliana Jumanne tarehe 27, saa 12 kamili asubuhi, Tabata Segerea kwenda Goba. Canter, kazi nzima hata ikizidi trip moja. Bei ni ya jumla: mafuta, wapakiaji watatu, kupakia na kushusha. Nimetuma kianzio, inayobaki nalipa tukishamaliza kushusha. Naomba unijibu kuthibitisha."

Subiri ajibu. Asiyetaka kuandika "sawa" leo, siku ya kazi atakuwa na maneno mengi.

Taja na vile vidogo vinavyozua ugomvi. Unavuka kwenda Kigamboni? Darajani kuna tozo, kwenye kivuko kuna nauli ya gari. Semeni mapema nani analipa. Trafiki akisimamisha gari kwa taa mbovu au bima iliyoisha, hiyo ni ya dereva. Akisimamisha kwa sababu umemlazimisha apakie hadi vitu vinaning'inia, hapo mtasaidiana, na haki itakuwa upande wake.

Kianzio kiwe kidogo. Kimshike, kisimshibishe. Tuma kwa simu, si taslimu, ili jina lisomeke na kumbukumbu ibaki. Akiomba hela ya mafuta, mpe asubuhi gari likiwa limesimama mlangoni kwako, siyo jioni ya jana yake. Inayobaki inatoka vitu vikiwa ndani ya nyumba mpya. Dereva aliyelipwa yote kabla ya kushusha anageuka bosi.

Piga picha namba ya gari na leseni yake. Usione aibu, mwambie tu, "Kaka, napiga kwa ajili ya familia." Muungwana hatakasirika. Gari la biashara Tanzania linabeba namba nyeupe, la binafsi namba ya njano. Ukiona njano, uliza maswali zaidi, maana likishikwa njiani na mzigo wa kulipiwa ni vitu vyako vinavyosubiri kituoni.

Na jambo ambalo wengi hulijua kwa kuchelewa: bima ndogo ya gari haihusu friji yako. Inamlinda mtu mwingine atakayeumizwa au kuharibiwa mali na gari hilo. TV, laptop, nyaraka, dhahabu na hela viende nawe kwenye bajaji au teksi, havipandi nyuma.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, piga simu. Usitume ujumbe, piga. Msikilize anavyojibu. "Tuko pamoja, mkuu" halijibu kitu. Muulize gari limelala wapi na atatoka saa ngapi. Saa kumi na moja alfajiri piga tena, na umwombe akutumie location. "Nipo njiani" ya Dar inaweza kutamkwa na mtu ambaye bado ana mswaki mdomoni.

Uwe na namba ya pili. Huyu wa pili usimdanganye kwamba umemkodi, mwambie wazi, "Nina gari saa kumi na mbili, likizingua nikupigie?" Wengi wanakubali, maana nao wateja wao wanazingua. Ikifika saa moja kasoro na wa kwanza hapokei, hamia kwa wa pili. Usikae saa tatu ukimsubiri kwa sababu una kianzio kwake. Kile kidogo kimeshakwenda. Asubuhi yako bado ipo.

Sasa upande wako. Sababu kubwa ya dereva kukukimbia katikati ya kazi ni kukuta hujafunga vitu. Kila nusu saa anayosimama ni kazi ya mteja mwingine inayoungua, na simu yake inaita mfululizo. Gari likifika, uwe umebakiza kikombe cha chai tu.

Nguo zote kwenye mashangazi kaja na viroba. Vyombo kwenye maboksi; yaombe dukani siku kadhaa mapema kabla hayajachomwa, na sahani uzifunge kwa kanga na mashuka, utaokoa nafasi mara mbili. Fungua kitanda usiku uliotangulia, ulale kwenye godoro chini. Skrubu na nati zake zitie kwenye mfuko mmoja, uufunge kwenye ubao wa kichwani kwa selotepu. Kitanda bila nati zake ni mbao.

Friji izimwe jana yake, barafu iyeyuke, maji yakaushwe. Isafiri imesimama. Ikibidi kulazwa, ukifika iache imesimama saa kadhaa, hata hadi kesho yake, ndipo uichomeke. Mtungi wa gesi ufungwe, regulator itolewe, usimame nje kwenye hewa. Usiuweke kwenye gari dogo lililofungwa vioo. Turubai na kamba nunua mwenyewe. Dereva atakwambia anavyo, na turubai lake litakuwa na matundu kama chandarua cha bwenini.

Mpangilio wa kupakia uusimamie wewe. Vizito mbele karibu na kichwa cha gari: friji, kabati, mashine ya kufulia. Makochi yafuate, godoro liwe kinga kati ya vioo na mbao. Kitanda na ndoo ya vyombo vya kupikia vipande mwisho ili vishuke kwanza. Mtu asikae juu ya mzigo, hata binamu aliyejitolea kushikilia TV.

Usihame usiku kama unaweza kuepuka. Vyombo vya ndani vinavyotembea saa nne usiku vinaamsha maswali ya ulinzi shirikishi na polisi, na huwezi kuwalaumu. Kwa vyovyote, pita serikali ya mtaa kabla, uage na uombe barua ya utambulisho. Unakohamia mjumbe ataitaka hiyohiyo. Risiti za vitu vikubwa kama unazo zikae mfukoni.

Unatoka Dar kabisa, kwenda Dodoma, Mbeya au Mwanza? Usikodi Fuso nzima kabla hujauliza malori yanayorudi. Magari yanashusha viazi, mchele na ndizi Mabibo na Ilala kila usiku, na mengi yanarudi na nafasi. Mwenye gari anayerudi tupu anafurahia chochote kitakachomlipia dizeli. Sharti lake ni moja: safari ni yake, siyo yako. Atatoka akijaza. Kwa hiyo usiweke kwenye lori hilo kitu utakachohitaji kesho, na uandike jina na namba yako ya simu kwenye kila kiroba, maana mtachangia gari na watu wengine. Muulize kama ameacha nafasi ya uzito. Pale mizani ya Vigwaza lori lililozidi litasimama, na vyombo vyako vitasimama nalo.

Mkifika, kabla ya mkono kwenda kwenye simu kulipa, panda mwenyewe nyuma ya gari. Kunjua turubai, angalia chini ya kamba, angalia na kwenye kichwa cha gari pale mlipotupia mkoba mkiwa na haraka. Miguu ya meza hupenda kubaki humo, na rimoti, na ule mfuko wa nati kama selotepu iliachia. Hesabu viroba. Vikitimia, lipa.