Sukuma Wiki Imenyauka: Je, Ni Kiu?



Kuanzia Januari mpaka mvua ya Machi, sukuma wiki hunyauka katika mashamba yetu mengi. Tukiona majani yamelegea, tunakimbilia mtungi. Lakini huo mtungi wa lita 20 umebebwa kwa mgongo au kwa punda kutoka mbali. Kabla ya kumwaga, tujue kwanza mmea unaumwa nini.

Kazi ya maji
Mizizi hunyonya maji pamoja na chakula kilichoyeyuka udongoni. Maji hupanda hadi kwenye majani, na mengi hutoka kama mvuke kupitia vitundu vidogo. Hivyo mmea hupoa. Maji pia hulisimamisha jani, kama upepo unavyosimamisha gurudumu la baiskeli. Yakipungua, vitundu hufunga na mmea huacha kukua.

Sababu tatu za kunyauka
1. Maji kidogo. Udongo mwepesi wa majivu ya volkano, kama ule wa Gilgil, hupitisha maji upesi. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji wakati wa kutoa maua na ndevu. Utavuna magunzi yenye mapengo.

2. Maji mengi. Mizizi nayo hupumua. Maji yakituama, hewa inakosekana, mizizi inaoza na haiwezi kunyonya. Majani yanakuwa ya njano, na mmea unanyauka huku umesimama majini! Ukiongeza maji unaumaliza.

3. Maji ya chumvi. Maji ya maziwa ya Nakuru, Elmenteita na Bogoria yana magadi, hayafai shamba. Ya Naivasha ni matamu. Visima vingine virefu vya Bonde la Ufa pia vina chumvi. Chumvi ikizidi, mizizi inashindwa kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa. Dalili ni ganda jeupe juu ya udongo na kingo za majani kukauka.

Tufanye nini?
Chomeka kidole udongoni. Ukikuta unyevu, ngoja. Ukikuta pakavu, mwagilia asubuhi mapema au jioni, karibu na shina, kisha tandaza nyasi kavu. Majani yakilegea saa saba mchana na kusimama tena jioni, hilo ni joto tu. Panapotuama maji, chimba mfereji.

Zoezi la kikundi
Pandeni maharagwe katika mikebe mitatu. Wa kwanza usitobolewe, na umwagiliwe kila siku. Wa pili utobolewe chini, na umwagiliwe udongo ukikauka. Wa tatu utobolewe pia, lakini usipewe maji tena baada ya mbegu kuota. Baada ya wiki tatu, ng'oeni mtazame mizizi.

Maswali ya kujadiliana
- Mkebe upi una mizizi mieupe yenye nguvu?
- Katika shamba letu, maji hutuama wapi?
- Ni mitungi mingapi tunamwaga bila sababu kila wiki, na nani huibeba?