Viungo vya Markdown kwa Anayetunza Taarifa za Mtaa

Mzazi wa Laini Saba, Kibera, jijini Nairobi, anayetafuta fomu ya basari huenda kwa mfuko wa eneo bunge la Kibra. Mwenzake wa Gatina, Kawangware, yuko Dagoretti Kaskazini, na fomu yake ni nyingine. Anayewaandalia wote wawili mwongozo mmoja ana jukumu zito: kiungo kikielekea pasipo, bando la mtu limeliwa bure na pengine siku ya mwisho imempita.

Markdown, lugha ya alama za uandishi aliyoibuni John Gruber mwaka 2004 akisaidiwa na Aaron Swartz, inafaa sana kwa miongozo ya namna hii. Faili lake ni maandishi matupu, jepesi, na linafunguka hata kwenye simu ya bei nafuu. Kazi inayotaka uangalifu ni viungo.

Njia iliyozoeleka ni kuandika anwani papo hapo. Maneno ya kusomwa hukaa ndani ya mabano ya mraba, anwani hufuata ndani ya mabano ya kawaida, na hakuna nafasi kati yake:

`Tembelea [tovuti ya Map Kibera](https://mapkibera.org).`

Kwa kiungo kimoja au viwili hiyo yatosha. Lakini mwongozo wa mtaa utahitaji ramani pia. Map Kibera ni mradi ambao vijana wake walianza mwaka 2009 kuupima mtaa wao kwa GPS na kuuingiza kwenye ramani huria ya OpenStreetMap, na anwani za ramani ni ndefu. Ukiziandika katikati ya aya, mwenzako atakayekuja kusahihisha maandishi hataona sentensi inaanzia wapi. Hapo ipe anwani jina, kisha iandike mwishoni mwa faili, kwenye mstari wake:

`Angalia njia kwenye [ramani ya Kibera][ramani].`

`[ramani]: https://www.openstreetmap.org/#map=16/-1.3133/36.7881`

Mstari huo wa pili msomaji hauoni. Kwangu mimi, huu ndio mtindo wa kutumia katika mwongozo wowote utakaoishi zaidi ya mwezi. Fomu ya basari ikitajwa mara tano na anwani yake ikabadilika, unarekebisha mahali pamoja tu. Herufi kubwa na ndogo hazitofautishwi katika jina, lakini tahajia lazima ilingane: ukikosea, mabano yatatokea mbele ya msomaji yakiwa wazi, bila kiungo. Na usitumie jina moja kwa anwani mbili. Kwa kanuni sanifu za Markdown ziitwazo CommonMark, ya kwanza ndiyo inayoshika, kwa hiyo ukitumia "basari" kwa Kibra na tena kwa Dagoretti, watu wa Kawangware watapelekwa Kibra bila onyo lolote. Andika `[basari-kibra]` na `[basari-dagoretti]`.

Maneno ya kiungo nayo yabebe maana. "Bonyeza hapa" haimsaidii asiyeona, ambaye programu ya kumsomea skrini humtajia viungo kimoja baada ya kingine. Andika "Fomu ya basari ya Kibra, PDF, MB 3", naye mwenye bando dogo ataamua kabla ya kupakua.

Namba za dharura huandikwa hivi:

`[Piga 1195 kuripoti dhuluma za kijinsia](tel:1195)`

Namba ionekane ndani ya maneno yenyewe, kwa sababu karatasi ikichapishwa na kubandikwa ukutani, kilichofichwa ndani ya mabano hakichapishwi. Vivyo hivyo kwa 116, simu ya kusaidia watoto. Kwa tovuti unayotaka isomeke hata kwenye karatasi, izungushie alama hizi: `<https://mapkibera.org>`.

Faili zako zikikaa pamoja, unganisha kwa njia fupi: `[Zahanati](zahanati.md)`. Viungo hivi havihitaji intaneti. Folda ikinakiliwa kwenye diski, au ikiwekwa kwenye seva ya mtandao wa jamii kama ule wa Tunapanda huko Kibera, vitaendelea kufanya kazi mradi faili zisihamishwe. Jina la faili lisiwe na nafasi: `fomu-kibra.pdf` ni salama, `fomu kibra.pdf` litakatisha kiungo. Nafasi ikiwa ndani ya anwani usiyoweza kuibadilisha, andika `%20` badala yake. Mabano yaliyomo ndani ya anwani huvuruga baadhi ya programu, kwa hivyo yaandike `%28` na `%29`.

Taarifa nyingi za mtaani zitaishia WhatsApp, na WhatsApp haisomi viungo vya Markdown. Ukinakili aya nzima, watu wataona mabano yakiwa wazi. Kabla ya kutuma kwenye kikundi cha wazazi, toa mabano, weka anwani yenyewe kwenye mstari wake chini ya maelezo, kisha uibonyeze kwa simu yako uone inafungua fomu ya eneo bunge gani.