Uhura: jina letu angani
Ukiangalia Star Trek hapa Mlandege, sikiliza jina la Uhura. Ni "uhuru" wetu, herufi ya mwisho tu imegeuzwa. Mwaka 1966, Nichelle Nichols alipoanza kumwigiza, kazi yake ilikuwa hasa kupokea na kutuma mawasiliano ya chombo. Filamu ya 2009 ikamtaja jina la kwanza: Nyota. Kwenye Strange New Worlds (2022), Celia Rose Gooding anamwigiza akiwa mwanafunzi wa uofisa aliyekulia Kenya, anajua lugha 37. Yaani sirizi mpya haijamtupa mhusika wa zamani; imempa kwao na utaalamu. Ila deni lipo: jina Kiswahili, mazungumzo Kiingereza. Sisi tunaosoma lugha, tunasubiri nani ayaandike?