Kufundisha Habari za Bakteria Wanaotoa Protini Nje: Mfano wa Chanjo ya Kipindupindu

Katika mazoezi ya kufundisha ya muhula uliopita tulikaa nyuma ya Darasa la Sita katika shule moja isiyo mbali na hapa Kawetele, tukimsikiliza mwalimu mwanafunzi akifundisha magonjwa ya kuambukiza. Maandalio yake yalikuwa mazuri, ubao ulikuwa safi na sauti yake ilisikika. Alipofika kwenye chanjo, aliandika kwamba chanjo ni "sumu ya ugonjwa iliyopunguzwa makali". Msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza: "Mwalimu, kama ni sumu, kwa nini tuinywe?" Mwalimu alimjibu kwamba hayo watayasoma sekondari, akaendelea na somo. Baada ya kipindi tulipomwuliza angejibu nini kama angekuwa na nafasi, alikiri kwamba hakujua. Wala sisi wakufunzi hatukuwa tumemfundisha. Makala haya ni deni letu kwake na kwa wenzake.

Jambo hili si dogo. Kipindupindu kiliingia Tanzania mwaka 1974, na mwaka 1997 peke yake waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 40,000. Sisi wa Tukuyu tuna mvua nyingi na mito inayotiririka, lakini barabara yetu inateremka hadi Kyela na Ziwa Nyasa, ambako ugonjwa huu umewahi kufika mara kadhaa. Mtoto anayerudi nyumbani na kusema, "Shuleni tumeambiwa chanjo ni sumu," amekwisha kumharibia kazi mhudumu wa afya kabla hajabisha hodi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Bakteria wa kipindupindu hawaharibu utumbo kwa kuutafuna. Wanatoa sumu, nayo ni protini yenye sehemu mbili: kipande A kimoja na vipande B vitano vilivyoungana kwa umbo la pete. Pete ya B hushika ukuta wa seli za utumbo. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Kipande A ndicho kinachoingia ndani ya seli na kuifanya imwage maji na chumvi bila kukoma. Mwanafunzi akumbuke hivi: B ni mkono, A ni kisu. Mtaalamu wa Kihindi, S. N. De, alionyesha kuwapo kwa sumu hii huko Calcutta mwaka 1959, miaka 75 hivi baada ya Robert Koch kuwatambua bakteria wenyewe.

Sasa inakuja sehemu ambayo walimu wengi huiruka, nayo ndiyo tamu kuliko zote. Bakteria huyu urefu wake ni sehemu mbili hivi katika elfu za milimita, lakini amezungukwa na tando mbili, si mmoja. Fikirini nyumba iliyozungushiwa ua wa mianzi. Kuta za nyumba ni utando wa ndani, ua wa mianzi ni utando wa nje, na katikati yake kuna uwanja mwembamba. Protini hutengenezwa ndani ya nyumba. Itafikaje barabarani?

Safari yake ni ya hatua mbili, na hatua hizo hazifanani. Katika hatua ya kwanza, kila kipande hupita kwenye mlango mwembamba wa utando wa ndani kikiwa kimenyooka kama uzi. Mwanzoni mwa uzi huo kuna kipande kifupi kinachofanya kazi ya anwani: ndicho kinachoufanya mlango ukubali kuupitisha. Uzi ukiisha kuvuka, anwani hukatwa. Uwanjani ndipo kila uzi hujikunja na kupata umbo lake, na nyuzi tano za B huungana kuwa pete. Pete hiyo ni pana na ngumu. Haiwezi kunyooshwa tena ipite kwenye tundu la uzi. Kwa hiyo hatua ya pili inahitaji lango la namna nyingine. Lango hilo la utando wa nje limejengwa kwa nakala 15 za protini moja zilizopangwa kwa duara, na chini yake kuna kifaa ambacho wataalamu hukifananisha na pistoni kinachoisukuma pete nje. Nguvu ya kazi hiyo hutoka ndani ya nyumba.

Tunasisitiza tofauti ya hatua hizi mbili kwa sababu ndiyo iliyowafaa watengenezaji wa chanjo. Watu wengi husikia kwamba bakteria waliobadilishwa jeni hutumika kutengeneza dawa, na mfano unaotajwa mara nyingi ni insulini, iliyoanza kutengenezwa na bakteria aina ya E. coli mwaka 1978. Lakini E. coli wa maabara akipewa jeni ya kipande B, huivusha protini hatua ya kwanza tu. Pete hukusanyika uwanjani, ikabaki hapo, kwa maana lango lake la nje halifanyi kazi. Anayeitaka lazima auvunje ua, kisha aanze kuitenga na takataka zote zilizomwagika pamoja nayo. Bakteria wa kipindupindu analo lango lililo tayari.

Jan Holmgren na Joaquin Sanchez wa Gothenburg, Sweden, waliitumia nafasi hiyo. Katika taarifa yao ya mwaka 1989 walieleza jinsi walivyomchukua bakteria wa kipindupindu asiye na jeni ya kipande A, wakampa duara dogo la DNA lenye jeni ya kipande B, akatengeneza B kwa wingi na kuitoa mwenyewe nje, katika mchuzi aliokuzwa ndani yake. Anayevuna huchuja bakteria na kuichukua pete katika mchuzi. Kipande B cha namna hiyo, miligramu 1 kwa kila dozi, kilitiwa pamoja na bakteria waliouawa katika chanjo ya kunywa iitwayo Dukoral.

Chanjo hiyo imetumika kwetu. Mapema mwaka 2009 ilitolewa Unguja na Pemba kwa watu wenye umri wa miaka miwili na zaidi. Karibu watu 24,000, nusu hivi ya waliolengwa, walipata dozi zote mbili. Baadaye kipindupindu kilizuka visiwani, na hesabu ikaonyesha kinga ya asilimia 79. Hapa mwalimu awe mwangalifu sana. Tumewauliza wanachuo wetu maana ya tarakimu hiyo, na wengi wakasema kwamba kati ya watu 100 waliochanjwa, 21 waliugua. Sivyo hata kidogo. Maana yake ni kwamba kama katika watu 1,000 wasiochanjwa wangeugua 10, basi katika watu 1,000 waliochanjwa wangeugua kama 2. Andikeni mfano huu ubaoni kwa tarakimu. Maneno matupu hayatoshi. Watafiti waliona pia kwamba hata wasiochanjwa walipungukiwa na hatari pale majirani zao wengi walipokuwa wamechanjwa.

Mwalimu asiseme, hata hivyo, kwamba kila chanjo ya kipindupindu ni ya namna hii. Zile zinazotolewa zaidi katika kampeni za siku hizi zina bakteria waliouawa tu, bila kipande B.

Kuhusu zana, hakuna haja ya kununua chochote. Tafuteni boksi dogo na kubwa, kamba tano za migomba na vitambaa vyekundu. Boksi dogo liwekwe ndani ya kubwa, litobolewe tundu la kupenya kamba moja tu. Kila kamba ifungwe kitambaa mwanzoni, kiwe ndiyo anwani. Wanafunzi watano wapitishe kamba zao moja moja, na wa sita akate kitambaa kila kamba inapotokea. Kisha wazikunje na kuziunganisha kuwa pete. Hapo mwalimu asieleze neno. Awape pete na kuwaambia wairudishe kwa tundu lile lile. Watajaribu, watashindwa, na watamwambia wenyewe kwamba boksi kubwa linahitaji tundu kubwa zaidi. Pampu ya baiskeli itafaa kuonyesha pistoni. Tulipolijaribu zoezi hili, dakika 40 hazikutosha; ni afadhali hesabu ya asilimia iachwe kwa kipindi cha pili. Mwalimu asijaribu kamwe kuotesha bakteria darasani kutoka maji ya mto au chooni.

Aepuke pia kusema kwamba bakteria "anataka" kutuua au "anajua" njia ya kutoka. Watoto hupenda usemi huo, na sisi huupenda kwa kuwa unarahisisha hadithi, lakini baadaye ni vigumu kuung'oa.

Turudi kwa yule msichana. Jibu lake halihitaji sekondari: "Sumu ya kipindupindu ina mkono na kisu. Katika chanjo hii hakuna kisu, na bakteria waliomo wamekwisha kuuawa. Mwili wako unajifunza kuutambua mkono, ili siku utakapokuja na kisu uzuiwe usishike." Mwanafunzi akiuliza zaidi, "Je, nikichanjwa ninaweza kunywa maji bila kuyachemsha?", mwalimu ajibu hapana, na amrudishe kwenye mfano wa ubaoni, awaoneshe wote wale watu 2 waliobaki.