Takataka za Marikiti Zaanzia Shambani



Wengi wetu tuliopewa mashamba katika skimu za makazi za Kwale na Kilifi twaijua Marikiti ya Mombasa kwa bei zake tu. Mtu hupeleka maembe, mchicha, muhogo au ndizi, akapokea fedha zake, akarudi nyumbani. Katika somo la mwezi huu yafaa tulitazame soko hilo jioni, wakati wenye vibanda wanapofagia.

Marikiti ni soko la mwaka 1914, lililoitwa Mackinnon siku za Waingereza, nalo liko kando ya Barabara ya Digo, hapo unapoingilia Mji wa Kale. Halikujengwa kwa mji wenye watu wengi kama Mombasa ya leo, na hata baada ya biashara kubwa ya jumla kwenda Kongowea, njia zake zingali finyu, mikokoteni ikisukumana na wanunuzi. Jioni hubaki hapo maganda ya mahindi, majani ya nje ya kabeji, vigogo vya mikungu ya ndizi, mchicha ulionyauka na maembe yaliyopasuka. Vingine huingia katika mifereji na kuiziba, na mvua kubwa ikinyesha, maji hukosa pa kupita. Vingine huchukuliwa jaani. Zamani jaa lilikuwa Kibarani, kando ya bahari karibu na Makupa, na kila aingiaye kisiwani alikaribishwa kwa harufu yake. Mwaka 2018 lilifungwa, mahali pake pakapandwa miti, na taka zikapelekwa mbali zaidi, huko Mwakirunge. Harufu imehama, lakini kazi ya kuoza ni ile ile.

Tena kuoza kuna namna mbili, na hapa ndipo ulipo msingi wa somo. Jani likioza mahali penye hewa, hugeuka mboji. Likifukiwa chini ya taka nyingine, pasipo hewa, hutoa gesi iitwayo methani. Gesi hii hupanda juu ikaizuia hari ya dunia isitoke, na kwa uzani ule ule nguvu yake ni zaidi ya mara 25 ya hewa ya ukaa, ukihesabu kwa muda wa miaka 100. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lakisia kwamba chakula kinachopotea na kutupwa duniani huleta sehemu 8 hadi 10 katika kila 100 za gesi zote zinazoongeza joto. Kwa hiyo embe lililooza Marikiti si hasara ya mwenye kibanda peke yake. Sisi wa pwani tumeyaona mabadiliko ya mvua: ukame wa tangu mwishoni mwa 2020 hata 2022, misimu ikipita bila mvua za kutosha, kisha mafuriko ya Novemba 2023.

Wako watakaosema kwamba habari za gesi ni za wataalamu, si za wenye majembe. Basi na watazame Gazi, huko huko Kwale. Wanakijiji wa huko, kwa mpango wao uitwao Mikoko Pamoja, wamekuwa wakiilinda mikoko yao na kuuza hesabu ya hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo tangu mwaka 2013, na fedha zimetumika kwa maji na shule. Sisi hatuna mikoko ya kuuza. Faida yetu iko katika udongo.

Udongo wetu mwingi ni wa kichanga, nao haushiki maji wala chakula cha mimea. Kila jani la kabeji lipelekwalo mjini limechota chakula hicho shambani. Mkulima apakiaye kabeji na majani yake yote ya nje anasafirisha rutuba ya shamba lake mpaka jaani, tena analipa nauli kwa kufanya hivyo! Chukua mfano: mtu apeleka magunia 10 ya maembe, na magunia 2 yafika yamepondeka. Amelipia gari kwa magunia 10, na hamali kwa magunia 10, naye auza 8. Akipunguza hasara hiyo kwa nusu tu, amepata gunia zima bila kupanda mti hata mmoja.

KABLA YA KUPAKIA

Embe lisitikiswe mtini likaanguka. Litunguliwe kwa kingoe chenye mfuko wa wavu, libaki na kikonyo kifupi, maana utomvu ukimwagika juu ya ganda hulichoma, na hapo ndipo uozo huingilia. Usipakie katika magunia makubwa yanayokaliwa na wapakizi njiani. Kreti au kikapu kigumu ni bora, hata kama kwachukua machache. Mboga zichumwe alfajiri, ziwekwe kivulini, zifunikwe kwa gunia lililoloweshwa. Majani mabovu yakatwe huko huko shambani. Muhogo nao hauna subira: ukishang'olewa, huanza kuharibika kwa siku mbili tatu, basi ng'oa ule tu uliokwisha pata mnunuzi.

Jambo hili halimfai mtu mmoja peke yake. Kama mwakodi gari moja watu kumi na wawili, na mmoja wenu atupia magunia yake juu ya kreti za wenzake, kazi ya wote imeharibika. Kaeni chini ya mwembe mkubaliane mapema jinsi ya kupanga mzigo, na nani asimamie upakizi. Ugomvi wa namna hii ni rahisi kuumaliza kabla ya msimu kuliko saa kumi alfajiri, dereva anapopiga honi.

LUNDO LA MBOJI

Majani yaliyobaki shambani sasa yatumike. Chagua mahali penye kivuli, pasipotuama maji. Tandika chini makumbi ya nazi ili hewa ipite. Juu yake weka vitu vikavu, kama mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na majani makavu, unene wa shubiri moja. Kisha weka vitu vibichi, nusu ya unene huo, halafu samadi kidogo na karai moja la udongo wa juu. Nyunyiza maji. Rudia hivyo mpaka lundo lifike kimo cha futi 4, upana wake ukiwa kama futi 5, kisha lifunike kwa makuti.

Chomeka kijiti kirefu katikati. Baada ya siku nne kichomoe ukishike: kikiwa cha moto, kazi inakwenda vizuri. Kikiwa baridi na kikavu, ongeza maji. Lundo likinuka vibaya, limejaa maji na kukosa hewa, yaani linafanya ile ile methani ya jaani. Ligeuze, uongeze vitu vikavu. Kiasi cha maji hupimwa kwa mkono: kamata konzi moja ukamue, yasitoke zaidi ya matone mawili. Geuza lundo baada ya majuma matatu, na tena baada ya matatu mengine. Kwa kadiri ya miezi mitatu mboji huwa nyeusi, yenye harufu ya udongo baada ya mvua.

Ukiona jongoo ndani yake usiwaue. Huko Bamburi, katika machimbo ya kiwanda cha saruji, Bwana Rene Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje juu ya mwamba mtupu wa matumbawe. Majani yake yalirundikana bila kuoza mpaka walipoletwa jongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale pana msitu.

Lakini angalieni jambo moja: embe lenye funza lisitiwe katika lundo. Nzi wa matunda atatoka humo akiwa mzima, akashambulia maembe ya jirani. Nzi huyu ndiye aliyeifanya Kenya isimamishe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, na biashara hiyo haikurudi mpaka 2021. Maembe ya namna hiyo yaokotwe kila siku chini ya miti, yafukiwe shimoni kina cha futi 2 au zaidi. Mabaki ya nyama na samaki pia yasitiwe, maana huita mbwa na panya.

GARI LINALORUDI TUPU

Magari yetu hurudi kutoka Mombasa hayana kitu. Kikundi cha skimu chaweza kupatana na wenye vibanda vya Marikiti wawatengee maganda na majani safi katika vyombo vyenu wenyewe, myachukue jioni ile ile, kabla hayajaanza kuoza. Sheria ya taka ya mwaka 2022 yataka taka zinazooza zitengwe na zisizooza, hivyo mwenye kibanda naye ana sababu ya kukubali. Msipokee taka zilizochanganywa na plastiki au vigae vya chupa, hata kama ni bure. Vipande vya plastiki vikishaingia shambani havitoki, na kigae hukata mguu wa mwenye kupalilia. Ulizeni kwanza ofisi ya kaunti kuhusu ruhusa ya kusafirisha taka, ili dereva asishikwe njiani.

Mboji ikiwa tayari, tia konzi mbili katika kila shimo la mahindi. Kwa mti wa matunda tumia madebe mawili, uyazungushe chini ya ncha za matawi, si kwenye shina, kisha ufukie kidogo. Lundo litakaloanzwa mwezi wa Desemba litakuwa tayari kwa masika, na la Julai litafaa kwa vuli.